Maumivu ya Endometriosi: Tujifunze Kuyatambua

Katika nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni, na bila shaka kote nchini, binti anayelia kwa maumivu ya hedhi huambiwa, "Hilo ni chango, litakwisha ukizaa." Neno hilo husemwa kwa upendo, kwani maumivu kidogo ya hedhi ni jambo la kawaida. Lakini yako maumivu yasiyo ya kawaida, na sababu yake mojawapo ni ugonjwa uitwao endometriosi. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa huwapata wanawake wapatao 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Yatupasa basi tujifunze, kwa adabu wala si kwa haya isiyofaa, namna za maumivu hayo.

Ndani ya mji wa mimba mna utando ambao kila mwezi hunenepa, kisha hubomoka na kutoka pamoja na damu ya hedhi. Katika endometriosi, nyama laini inayofanana na utando huo huota nje ya mji wa mimba: juu ya vifuko vya mayai, karibu na utumbo na kibofu, na mara chache hata kifuani. Nayo huvimba na kutoa damu, lakini damu hiyo haina njia ya kutokea. Mahali pale huwaka, hufanya makovu, na makovu huweza kuvigandisha viungo vilivyopaswa kuteleza.

Maumivu ya kwanza ni ya hedhi yenyewe. Huweza kuanza siku moja au mbili kabla ya damu, hukaza chini ya kitovu, hushuka kiunoni na mapajani, na mara nyingi dawa za kawaida haziyatulizi. Mwanafunzi hukosa masomo kila mwezi, naye hudhaniwa mvivu.

Ya pili ni yale yasiyongoja hedhi. Hutokana na makovu, na pia na mishipa ya fahamu ambayo, kwa kuumizwa muda mrefu, imekuwa nyepesi mno kuhisi. Ndiyo maana ukubwa wa ugonjwa si kipimo cha uchungu: mwenye ugonjwa kidogo huweza kuteseka sana, na mwenye mwingi asihisi kitu.

Ya tatu ni ya wakati wa kwenda choo, kubwa au ndogo, hasa siku za hedhi. Hayo huweza kudhaniwa kuwa ni amiba au ugonjwa wa njia ya mkojo, mgonjwa akameza dawa mara nyingi bila nafuu.

Ya nne ni ya tendo la ndoa, nayo huwa ndani sana, wakati ule au baadaye. Mke huona haya kusema. Mume hudhani amekataliwa, au kwamba yuko mwingine. Hivyo ugonjwa wa mwili huzaa ugomvi nyumbani, na asiye na kosa hulaumiwa.

Ya tano ni nadra: ya kifuani na begani. Mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, aliyefariki dunia Juni 2024, alieleza hadharani jinsi ugonjwa huu ulivyofika kifuani mwake hata mapafu yakasinyaa mara kwa mara. Mwaka 2018 alikwenda Marekani kutibiwa. Hapa kwetu Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, naye aliutangaza ugonjwa wake na kueleza upasuaji mwingi aliofanyiwa. Mwaka 2017 alijaliwa mtoto wa kiume.

Je, kuzaa ni dawa? La. Mimba huweza kuyatuliza maumivu kwa muda, kisha yakarudi. Tena ugonjwa huu huweza kuzuia mimba. Basi anayeambiwa "zaa upone" hutwikwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mama, mpe binti yako daftari dogo aandike siku ya maumivu, mahali yalipo, na alichokuwa akifanya. Kisha mpeleke kwa tabibu, kama vile katika hospitali ya Temeke au ya Mwananyamala. Ikihitajika, atapelekwa Muhimbili. Picha ya ultrasaundi huweza isionyeshe kitu, na ugonjwa ukawapo, msikate tamaa. Dawa ya kuung'oa kabisa bado haijapatikana, lakini yako matibabu ya kupunguza mateso: dawa za maumivu, dawa za homoni, na upasuaji.

Wako Wakatoliki waziogopao dawa za homoni kwa kuwa huzuia mimba. Waraka Humanae Vitae wa Papa Paulo VI, wa mwaka 1968, wafundisha katika fungu la 15 ya kuwa si haramu kutumia tiba iliyo ya lazima kwa ugonjwa wa mwili, hata ikitazamiwa kuzuia uzazi, ilimradi kizuizi hicho si kusudi lenyewe. Mgonjwa asiache dawa kwa hofu hiyo.

Nanyi waume, mke akisema anaumia, msianze kwa shutuma. Muulizeni ni wapi na tangu lini, mkaongozane naye mpaka hospitali, mkamsaidie kueleza yale ambayo haya humzuia kuyasema peke yake.