Mipaka ya Mwendo wa Eropleni

Watu wengi hudhani kuwa hatari ya eropleni ni kwenda mbio mno. Yafaa ijulikane kwamba kwenda polepole mno ni hatari vilevile. Motakaa ikipunguza mwendo husimama barabarani; eropleni haina mahali pa kusimama.

Eropleni hubebwa na hewa ipitayo mabawani. Mwendo ukipungua, rubani huinua pua ili bawa liikabili hewa zaidi. Lakini jambo hilo lina mwisho wake: hewa hushindwa kulifuata bawa, hubanduka juu yake, na eropleni huanza kuanguka. Tena mpaka huo hupanda katika kupiga kona. Ndege iliyolala ubavu nyuzi 60 bila kupoteza kimo huhitaji mwendo uliozidi kwa karibu sehemu mbili katika tano.

Mipaka hii huonyeshwa kwa rangi katika saa ya mwendo. Tutazame ndege ndogo ya Cessna 172S, ambayo hesabu zake ni za maili za baharini kwa saa. Rangi ya kijani, kutoka 48 hadi 129, ni mwendo wa kawaida. Rangi ya manjano, 129 hadi 163, ni ya hewa tulivu tu. Penye 163 pana mstari mwekundu, nao hauvukwi kamwe.

Lakini saa hiyo haipimi mwendo juu ya ardhi. Hupima msukumo wa hewa ndani ya kijibomba kielekeacho mbele. Kiwanja cha Wilson, Nairobi, kiko futi 5,500 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Hapo saa ikionyesha 65, ndege yapita hewani kwa 71 hivi. Rubani aliyezoea Mombasa huona ardhi ikimkimbilia, akatamani kupunguza mwendo. Asifanye hivyo. Aiamini saa, wala si macho, ila akumbuke kwamba atahitaji kiwanja kirefu zaidi.

Uko mpaka mwingine usio na rangi, ambao ndio hueleweka vibaya kuliko yote: mwendo ambao ukizidi, rubani hana ruhusa ya kusukuma usukani hadi mwisho wake. Kwa Cessna hiyo yenye uzito wa ratili 2,550 ni 105. Ikiwa na ratili 1,900 tu ni 90. Ajabu ni kwamba ndege nyepesi ndiyo yenye mpaka wa chini, kwa kuwa nguvu ile ile ya bawa huirusha kwa kishindo zaidi.

Tarehe 12 Novemba 2001, ndege ya Airbus A300 iliondoka New York, ikatikiswa na hewa iliyovurugwa na ndege kubwa iliyoitangulia. Rubani msaidizi alikanyaga usukani wa mkia kulia na kushoto, mara kadhaa mfululizo. Bawa la wima la mkiani liling'oka. Wakafa watu 260 waliokuwamo, na 5 waliokuwa chini.

Ndege hiyo haikuwa imeuvuka mpaka tulioutaja. Lakini mpaka huo huilinda ndege kwa msukumo mmoja wa upande mmoja, wala si kwa kwenda huku na huku, na wachunguzi walikuta kwamba marubani wengi hawakulijua hilo. Mwaka 2010 Marekani ilibadili kanuni, ili vitabu vya ndege kubwa mpya vilieleze waziwazi.