Insha ya hoja: tabia zinazobomoa uhusiano wa wapendanao

Swali la mfano: "Mapenzi hayavunjwi na umaskini, huvunjwa na tabia." Jadili kauli hii kwa kutumia mifano kutoka katika mazingira yako.

Watahiniwa wengi wakiona swali la aina hii hufurahi, wakidhani wamepewa alama za bure. Huandika ulevi, uongo, wivu na uzinzi kwa mfululizo, kila neno mistari miwili, insha ikaisha. Swali limesema "jadili", tena limesema "mazingira yako". Wewe unayesoma Kigoma au Ujiji una ziwa mlangoni. Litumie.

Anza na kuficha mapato, kwa kuwa ndiyo hoja yenye nyama nyingi zaidi kwetu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo fedha huja kwa vipindi, na siku za mbalamwezi nyumba huishi kwa kilichowekwa. Sasa chukua mfano wa mume anayeshuka mwalo wa Katonga au Kibirizi, akapokea mgao wake, akautia mfukoni na kutoa hela ya mboga tu. Akiulizwa hujibu, "Ziwa lilikuwa gumu, mama watoto." Mke naye akiuza dagaa alioanika, hunyamaza. Kila mmoja ana akiba yake na siri yake.

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Serikali ilisitisha uvuvi katika ziwa hili ili samaki wazaliane. Miezi mitatu! Katika nyumba ya siri, mwenye akiba huogopa kuitoa kwa kuwa ataulizwa aliipata lini. Asiye nayo humshuku mwenzake. Jirani yao naye amekosa kitoweo kilekile, lakini yeye na mkewe walihesabu pamoja tangu mwanzo, wakajua watakula nini mwezi wa pili. Upungufu ni mmoja, nyumba moja imegombana na nyingine haikugombana. Ukiweka nyumba hizo mbili kando kwa kando, umejibu kauli ya swali. Huko ndiko kujadili.

Hoja ya kipigo isiandikwe kwa huruma peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila ingeruhusu. Nimewahi kusahihisha insha iliyosema mume ampige mkewe "kwa kiasi". Aliyeiandika alikuwa na Kiswahili kizuri sana, na hilo ndilo lililonisikitisha.

Kudharau kazi za nyumbani nako kuna ushahidi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa sababu alikuwa ametapanya fedha alizopewa na mumewe za kuanzisha biashara. Ukiitaja kesi hii, usidanganye mwisho wake.)

Kununiana na kusikiliza maneno ya watu, aya moja yatosha. Upekuzi wa simu upe nafasi zaidi, maana unakuhusu wewe wa kidato cha nne. Kijana anayesema, "Kama unanipenda, nipe namba ya siri ya simu yako," na kesho, "Kama unanipenda, usiende kujisomea jioni," ameanza tabia ileile ya mume wa mwaloni: kutaka penzi lisilo na kuaminiana. Msichana au mvulana anayeambiwa hivyo ana haki ya kukataa, na anaweza kumwona mwalimu wa ushauri nasaha.

Ukitaka mfano wa fasihi, *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba inakutosha: mhesabu watu anatekwa na mapenzi, anasahau wajibu, karatasi za sensa zinachomwa moto. Sentensi mbili tu. Usisimulie tamthilia nzima.

Zoezi: Andika aya moja ya mistari kumi kuhusu kununiana, mhusika akiwa fundi anayekaa Ujiji na mchumba wake akiwa Tabora. Onyesha chanzo, namna kimya kilivyokua, na neno ambalo lingesemwa siku ya kwanza.