Mifereji ya Maji Ndani ya Seli na Saratani ya Matiti: Mlaji Ajue Nini

Mkulima wa Magamba anajua kwamba maji ya msituni hayafiki shambani ovyo. Yana mfereji wake. Mwili nao una mifereji yake, na siku hizi hutajwa na wauzaji wa tiba. Mlaji anastahili kuielewa kabla ya kutoa fedha.

Akwaporini ni nini?

Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta ambao maji huupenya kwa shida. Katika utando huo mna protini zenye tundu jembamba, zipitishazo maji molekuli moja nyuma ya nyingine. Hizo ndizo akwaporini. Peter Agre na wenzake nchini Marekani walithibitisha kazi yake mwaka 1992, na mwaka 2003 Agre alishiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Binadamu ana aina 13. Bila hizo figo zisingeweza kuhifadhi maji.

Uhusiano na saratani

Katika uvimbe wa saratani ya matiti, watafiti wameona baadhi ya aina, hasa ya 1, ya 3 na ya 5, zikizidi kiasi cha kawaida. Seli inayohama hubadili umbo, na maji yanayoingia upande wa mbele huusaidia utando kusonga. Aina ya 3 hupitisha pia gliseroli, ambayo seli huitumia kutengeneza mafuta na nguvu. Hata hivyo, kuonekana pamoja na ugonjwa si sawa na kuuanzisha, na sehemu kubwa ya ushahidi hutoka maabara.

Yasiyofuata kutokana na hayo

1. Maji ya kunywa hayalishi saratani, na kujinyima maji hakuikaushi.
2. Hakuna maji maalumu yanayoifunga mifereji hiyo ndani ya uvimbe.
3. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kutibu saratani ya matiti kwa njia hiyo.

Kabla ya kununua

Uliza: Je, dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Ikiwa ni ya asili, je, inatambuliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Dai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Hasara kubwa, hata hivyo, si fedha, ni muda. Uvimbe kwenye titi au kwapani, hata usiouma, ngozi inayobonyea, chuchu inayoingia ndani au kutoa damu ni sababu ya kwenda kituo cha afya mapema. Uvimbe mwingi si saratani, lakini kipimo ndicho kiamuacho. Kutoka Lushoto mgonjwa anaweza kupewa rufaa hadi KCMC mjini Moshi au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Saratani iliyogunduliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi. Miezi iliyopotea kwa muuza chupa hairudishwi kwa risiti.