Kuongeza Nguvu ya Injini ya Dizeli kwa Kompyuta: Tupime Faida na Hasara

Vikundi vingi vya vijijini siku hizi vina gari. Wanachama wamechanga, wamenunua pikapu au lori dogo la kubeba mahindi, maziwa au nyanya. Mchana gari hilo hupeleka mazao sokoni. Usiku hupeleka mgonjwa hospitali. Likilala, kijiji kizima hulala nalo.

Mjini wako mafundi wanaosema hivi: "Leteni gari lenu. Sifungui injini. Nitaunganisha kompyuta yangu kwa saa moja tu. Mtaondoka na nguvu zaidi, na dizeli mtatumia kidogo." Je, maneno hayo ni ya kweli? Yako ya kweli, na yako ambayo fundi hayasemi. Leo tujifunze yote mawili, ili fedha za wanachama zisitolewe gizani.

DIZELI HUWAKAJE?

Injini hii ilibuniwa na Mjerumani, Rudolf Diesel. Alifanikiwa kuifanyisha kazi mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, Ujerumani.

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haitumii cheche. Pistoni hupanda, huishindilia hewa ndani ya silinda mpaka hewa yenyewe inakuwa ya moto sana, zaidi ya nyuzi 500 za sentigredi. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka. Moto huo husukuma pistoni chini, na gari huenda.

Basi shika jambo hili: nguvu hutokana na dizeli pamoja na hewa. Ukiongeza dizeli, hewa nayo lazima itoshe. Tazama jiko la kuni. Ukilijaza kuni ukaziba njia ya hewa, hupati moto mkubwa. Unapata moshi.

Ndiyo maana injini nyingi zimefungwa tabo. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda.

KOMPYUTA INAFANYA NINI?

Katika injini za zamani, dizeli hupimwa na pampu peke yake. Mfano ni injini ya Toyota 1HZ ya lita 4.2, inayojulikana sana katika Land Cruiser. Kompyuta haipimi dizeli yake. Fundi akikuambia ataiongezea nguvu kwa kompyuta, mshukuru, kisha uondoke.

Injini za kisasa ni tofauti. Dizeli hukaa katika bomba moja nene ikiwa imebanwa kwa nguvu kubwa sana, mara mamia ya msukumo wa upepo ulio katika tairi la pikapu. Kompyuta ndiyo huamua nozeli ifunguke lini, na kwa muda gani. Muda huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho.

Fundi huongeza nguvu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuandika upya programu ya kompyuta, ili iruhusu dizeli zaidi na hewa zaidi. Njia ya pili ni kufunga kisanduku kidogo kwenye nyaya. Kisanduku hicho huidanganya kompyuta. Huiambia, "Msukumo wa dizeli ni mdogo." Kompyuta nayo inaamini, inaongeza.

FAIDA

Tusiwe watu wa kukataa tu. Faida zipo.

1. Injini ya kisasa yenye tabo inaweza kuongezeka nguvu kwa asilimia 20 hadi 30. Injini isiyo na tabo hupata kidogo sana.

2. Gari huvuta vizuri likiwa katika mwendo mdogo. Dereva hubadili gia mara chache mlimani, na hulipita gari la mbele upesi zaidi.

3. Dereva mtulivu anaweza kupunguza matumizi ya dizeli kidogo. Lakini dereva akifurahia nguvu mpya na kukanyaga mafuta, matumizi huongezeka.

4. Fundi akihifadhi programu ya zamani, anaweza kuirudisha.

HATARI

Sasa tujiulize. Kama nguvu hiyo ilikuwamo, kwa nini kiwanda hakikuitoa? Je, wenye kiwanda walikuwa wachoyo?

Hapana. Kiwanda huacha akiba. Mkulima hauzi gunia la mwisho, kwa sababu hajui mvua za mwakani. Kiwanda nacho hakijui gari litakwenda wapi. Litapata vumbi, joto, mzigo uliozidi, oili iliyochakaa na dizeli mbaya. Akiba ndiyo huiokoa injini siku hiyo. Anayeongeza nguvu kwa kompyuta anaila akiba hiyo.

Na sisi wa vijijini tumekwisha kuanza kuila. Barabara zetu zina vumbi. Mzigo wetu huzidi. Dizeli nyingine huchanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli. Sasa tukiongeza na la kompyuta, kitabaki nini?

Tazama madhara yanayoweza kutokea:

Joto. Dizeli ikizidi, joto huzidi. Pistoni nyingi zimetengenezwa kwa aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Moto ndani ya silinda ni mkali kuliko huo. Pistoni huponea kwa sababu moto ni wa kitambo tu, na oili huipooza. Gari lenye mzigo likipanda mlima mrefu kama Kitonga, moto unakuwa mfululizo. Pistoni inaweza kutoboka, gasketi ya kichwa ikaungua, gari likachemsha.

Tabo. Ikilazimishwa kuzunguka kupita kiwango, hufa mapema.

Klachi na giaboksi. Hizi zilipimwa kwa nguvu ya kwanza. Kompyuta haiwezi kunenepesha klachi. Itateleza na kuungua.

Moshi. Dizeli isiyopata hewa hutoka kama moshi mweusi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi wa dizeli huleta saratani. Wanaouvuta kwanza ni abiria wa nyuma na watoto wa kando ya barabara.

Bima. Kampuni ya bima isipoarifiwa mabadiliko hayo, inaweza kukataa kulipa ajali ikitokea.

"LAKINI INJINI NI ILE ILE!"

Fundi anaweza kusema, "Mbona injini kama hii, mahali pengine, inauzwa na nguvu kubwa zaidi?" Ni kweli. Injini ya Toyota 2KD ya lita 2.5 ilitoka na nguvu za viwango mbalimbali. Iko ya nguvu za farasi 102, na iko ya 144. Lakini ile ya 144 haikupewa programu tu. Ilipewa tabo ya aina nyingine, na rejeta ndogo ya kupoza hewa kabla haijaingia ndani ya silinda. Ndugu msomaji, usimlishe mtoto chakula cha mkulima ukadhani atabeba gunia.

TUPIGE HESABU

Bei hizi ni za mfano. Nyinyi wekeni bei za kwenu.

Tuseme fundi anataka shilingi 720,000. Gari lina safari 12 kwa mwezi. Kila safari inaokoa lita 1. Dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita.

Akiba ya mwezi: 12 × 3,000 = shilingi 36,000.

Miezi ya kurudisha fedha: 720,000 ÷ 36,000 = miezi 20.

Sasa tuseme injini imeharibika. Kuishusha na kununua vipuri ni shilingi 5,400,000.

5,400,000 ÷ 36,000 = miezi 150.

Hiyo ni miaka 12 na nusu ya kuokoa lita moja moja, ili kulipia siku moja ya hasara. Na hapo hatujahesabu maziwa yaliyoganda.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza, tafuteni kwa nini gari halina nguvu. Mara nyingi ugonjwa ni mdogo: filta ya hewa imejaa vumbi, filta ya dizeli imeziba, bomba la hewa la tabo linavuja, breki zinashika, matairi hayana upepo, au mzigo umezidi. Gari gonjwa lisiongezewe nguvu. Litibiwe.

Pili, mwulizeni fundi: Utaipima injini kabla na baada? Utaongeza kiasi gani? Utatunza programu ya zamani? Utaandika dhamana na kutia sahihi? Asiyetaka kuandika, msimpe.

Tatu, leteni jambo hili kwenye mkutano. Dereva na mwenyekiti wasiamue wawili peke yao.

Mtu mwenye gari zima, lisilobeba mizigo mizito, akaongeza kiasi kidogo kwa fundi anayejulikana, anaweza kufaidika. Lakini kikundi chenye gari moja, linalopakia kila siku katika barabara ya vumbi, ushauri wetu ni huu: akiba ya injini iacheni. Fedha hizo zinunue filta, oili nzuri na matairi. Akiba haiozi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kuongeza dizeli bila kuongeza hewa huleta moshi?

2. Kiwanda huacha akiba ya nguvu kwa sababu gani? Tajeni mambo matatu yanayoila akiba hiyo hapa kwetu.

3. Gari la kikundi linaokoa nusu lita kwa safari, safari 20 kwa mwezi. Dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita. Kikundi kinaokoa kiasi gani kwa mwezi? Kwa mwaka?

4. Mara ya mwisho kubadili filta ya hewa ya gari lenu ilikuwa lini? Mwulizeni dereva, mwandike jibu katika daftari la kikundi.