Laptopu Ikiibiwa Leo, Stetimenti Zako Ziko Wapi?

Wenye maduka wengi hupakua stetimenti za tili kila mwisho wa mwezi, wanaziweka kwenye folda moja ya laptopu, basi. Laptopu ikimwagikiwa chai au ikibebwa na wezi, rekodi zimeenda nayo. Na sheria ya Kenya inakutaka utunze rekodi za kodi kwa miaka 5, kwa hivyo "zilikuwa kwenye laptopu" haitakufikisha mbali siku KRA wakiuliza.

Kununua diski ya nje ni rahisi. Kazi ni kukumbuka kunakili, na hapo ndipo skripti inakusaidia. Kama unatumia Windows, usilipie programu yoyote: Robocopy tayari imo ndani. Fungua Notepad, uandike mstari huu mmoja:

robocopy "C:\Biashara" "E:\Nakala" /E /XO /R:2 /W:5

Hifadhi kwa jina nakala.bat. (Notepad hupenda kuongeza .txt mwishoni, kwa hivyo chagua aina zote za faili kabla ya kuhifadhi.) Chomeka diski, bonyeza faili hiyo mara mbili, imeisha.

C:\Biashara ni folda yako, E ni diski. /E inachukua hata folda zilizo ndani ya folda. /XO inahakikisha faili ya zamani haifuniki iliyo mpya kwenye diski. Hizo /R:2 na /W:5 usiziache: ijaribu tena mara 2, ikingoja sekunde 5. Bila hizo, Robocopy hujaribu mara 1,000,000, na kila mara inangoja sekunde 30. Faili moja ikigoma kusomeka, utafunga duka ikiwa bado inahangaika nayo.

Utakutana na watu wanaosifu /MIR. Sisi tunasema achana nayo kwanza. Hiyo hufanya diski ifanane kabisa na laptopu, yaani ukifuta stetimenti za Machi kimakosa, ukiendesha skripti zinafutwa kwenye diski pia. Nakala ya aina gani hiyo?

Angalia pia herufi ya diski, maana ukitangulia kuchomeka flashi, E inaweza kuwa ndiyo flashi.

Ukimaliza, fungua stetimenti moja kutoka kwenye diski yenyewe uone kama inasomeka. Diski ikae nyumbani, sio kwenye begi moja na laptopu. Na tafadhali, PIN yako isiwe imeandikwa popote ndani ya folda hiyo.