Dondoo muhimu: Kufufua tangi la samaki lililotelekezwa

Tangi la furu sebuleni Musoma limegeuka kijani? Usimwage maji yote. Badiliko la ghafla huweza kuua samaki haraka kuliko uchafu wenyewe. Nyonya kinyesi chini kwa mpira mwembamba, utoe robo ya maji tu, urudie baada ya siku 3 au 4. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku nzima, klorini ipungue. Sponji ya chujio ikamue ndani ya maji uliyotoa, kamwe si bombani: ule utelezi wa kahawia una bakteria wanaovunja amonia. Samaki wanahema juujuu alfajiri? Hewa haitoshi. Furu waliozidi usiwarudishe ziwani. Huko sangara wamewala wengi wa wenzao tangu miaka ya 1980. Waliobaki wasipelekewe tena magonjwa ya tangini.