Breki za Motokaa, na Hatari ya Kuvuta Gari Bovu

Wengi wetu katika shule hii hatuna motokaa, wala wazee wetu hawana. Hata hivyo hakuna asiyepanda gari. Muhula ukifunguliwa tunakuja kwa basi, au kwa pikapu, au juu ya lori lililopakia magunia, tukitoka Usinge, Ulyankulu, Urambo na kwingineko. Na baada ya miaka michache baadhi yetu watashika usukani wenyewe. Kwa hiyo nimeona yafaa kueleza habari za breki: jinsi zinavyofanya kazi, kwa nini hukataa, na mambo ya kuangalia gari moja linapovuta jingine. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kwanza tufanye hesabu kidogo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hii ya Unyamwezi. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani ratili 70, au kilo 32 kwa vipimo vya leo. Lori linalobeba tani 10 limechukua mizigo ya wapagazi zaidi ya 300. Lakini mpagazi alikwenda mwendo wa kilometa 5 kwa saa, na akitaka kusimama husimama. Breki yake ni miguu yake. Lori huenda kilometa 80 kwa saa, yaani mara 16 ya mwendo wa mpagazi. Mtu asiyejua fizikia atasema kwamba basi nishati ya mwendo nayo imeongezeka mara 16. Sivyo. Nishati ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, na 16 mara 16 ni 256. Mzigo ule ule, uliochukuliwa na msafara mzima, sasa una nishati mara 256, nayo lazima iondolewe kabla lori halijasimama.

Huondolewa wapi? Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Breki haimezi mwendo ukapotea. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Vipande viwili husuguana, kimoja kinachozunguka pamoja na gurudumu na kingine kisichozunguka, na vyote viwili hupata moto. Chukua gari dogo la kilo 1,500 linalokwenda kilometa 80 kwa saa. Likisimamishwa, joto linaloingia katika chuma cha breki latosha kuchemsha lita moja ya maji na zaidi kidogo. Lori lenye uzito wa tani 16 pamoja na mzigo wake, likisimama kutoka mwendo huo huo, hutoa joto la kuchemsha zaidi ya nusu debe. Na hiyo ni kusimama mara moja tu, mahali tambarare.

Sasa mteremkoni. Nchi yetu ya Kaliua ni tambarare, miombo mitupu na mbuga, na dereva aliyejifunza hapa hajui mlima. Siku atakapopeleka mzigo Dar es Salaam kwa njia ya Nzega na Singida, atakutana na Sekenke. Au akipita Iringa atakutana na Kitonga. Kila lori lile la tani 16 linaposhuka mita 100 kwenda chini, breki zikiachiwa kazi yote peke yake, zitapata joto la kuchemsha debe mbili na nusu za maji. Hakuna chuma kitakachovumilia hayo kwa muda mrefu. Lainingi huanza kunuka na kutoa moshi, msuguano hupungua, na dereva anakanyaga kwa nguvu zote lakini gari linazidi kukimbia. Ndiyo maana dereva mwenye akili huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, injini ikazuia mwendo, naye akagusa breki kwa muda mfupi mfupi na kuziacha zipoe. Nasema kabla, kwa kuwa katikati ya mteremko, gari likiisha kushika kasi, gia ndogo hukataa kuingia, na aliyekwisha kutoa gia ya kwanza akakosa ya pili hubaki hana hata moja. Wako madereva wanaozima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta. Nitaonyesha hapa chini kwamba mafuta hayo ni ya bei ghali sana.

Tutazame jinsi nguvu inavyotoka mguuni mpaka gurudumuni. Katika magari madogo kazi hiyo hufanywa na mafuta ya breki yaliyomo ndani ya mabomba membamba. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kutoka mwaka 1623 hata 1662, alionyesha kwamba ukikandamiza kioevu kilichofungiwa, mkandamizo huenea sawasawa pande zote. Ukikanyaga pedali, mkandamizo hufika magurudumu yote manne kwa wakati mmoja. Mambo haya yafanyika kwa sababu kioevu hakisongamani. Hewa husongamana. Basi hewa ikiingia ndani ya mabomba, pedali huwa laini kama sifongo na kushuka mpaka sakafuni, na fundi hana budi kuitoa hewa hiyo gurudumu moja baada ya jingine.

Mafuta ya breki yana tabia moja mbaya: hunywa maji kutoka hewani. Yale yanayoandikwa DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye joto lisilopungua digrii 230, lakini yakiisha kunywa maji yanaweza kuchemka kwenye digrii 155 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke husongamana kama hewa. Gari lililokuwa na breki nzuri juu ya mlima likawa halina breki chini ya mlima, na likiisha kupoa breki zikarudi, hata fundi akaona dereva amesema uwongo. Chupa ya mafuta ya breki ikikaa wazi miezi mingi katika duka la spea, usiinunue. Na usimkubalie mtu akuambie kwamba mafuta ya injini, au ya kupikia, yatafaa “kufika nyumbani.” Mafuta hayo huvimbisha mipira iliyomo ndani ya breki, na kilichokuwa kazi ya saa moja kitakuwa kazi ya kubadilisha kila kitu.

Ukaguzi wa asubuhi hauhitaji fundi. Tazama kichupa cha mafuta ya breki. Yakipungua upesi yanavuja mahali, basi angalia upande wa ndani wa kila tairi. Kanyaga pedali na kuishikilia. Ikizama polepole chini ya mguu wako, safari hakuna. Endesha hatua chache uwanjani na kupiga breki: gari likivuta upande mmoja, gurudumu la upande wa pili halishiki. Ukisikia chuma kinalia juu ya chuma, pedi zimekwisha. Handibreki nayo ijaribiwe, maana watu wengi huifanya pambo.

Huku kwetu kuna maadui wengine wawili. Wakati wa kiangazi ni vumbi na mchanga. Wakati wa masika ni maji. Ukivuka mahali palipofurika, breki za ngoma hulowa na kuteleza. Usiongeze mwendo mara moja baada ya kutoka majini. Nenda polepole huku mguu umegusa pedali kidogo, mpaka joto la msuguano likaushe breki na uhisi kwamba zimeshika.

Umbali wa kusimama nao watu hawaujui, hasa sisi tunaovuka barabara. Dereva aliye macho hutumia kama sekunde moja tangu aone hatari mpaka mguu ufike kwenye breki, na katika sekunde hiyo gari la kilometa 50 kwa saa limekwisha kwenda mita 14. Kisha juu ya lami kavu litahitaji mita 14 nyingine kusimama, jumla 28. Kwa kilometa 80 jumla ni mita 57. Kwa kilometa 100 ni mita 80 na zaidi. Juu ya changarawe iliyolegea breki hushika karibu nusu tu ya hivyo. Sheria inayoweka kilometa 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu haikutungwa ili kuwapa askari kazi.

Malori makubwa na treni hayatumii mafuta bali upepo. Mwaka 1869 George Westinghouse wa Marekani alipata hati ya breki ya upepo kwa treni, lakini ile ya kwanza ilikuwa na kasoro: bomba likipasuka, breki hupotea. Mwaka 1872 akaigeuza, ikawa upepo ndio unaozizuia breki zisishike; bomba likipasuka, breki hushika zenyewe. Naona wazo hili ni zuri kupita mengi tunayosoma, kwamba kitu kikiharibika kiharibikie upande wa usalama.

Hata hivyo reli yetu ya Kati, inayopita hapa Kaliua na kutoa tawi liendalo Mpanda, iliona msiba ulioonyesha nguvu ya mlima. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilishindwa kupanda kilima karibu na Igandu, mkoani Dodoma. Ikaanza kurudi nyuma, breki zisiweze kuizuia, ikazidi kasi mpaka ilipogongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Walikufa watu 281. Fikirini: hakuna injini iliyoisukuma. Uzito wake na mteremko vilitosha.

Sasa nafika kwenye kuvuta gari. Nilipokuwa kidato cha tatu, pikapu ya mjomba wangu iliharibika njiani, nasi tukapata trekta la kutuvuta. Mjomba akapanda kwenye trekta ili amwonyeshe dereva njia, akaniambia, “Wewe mpwa wangu shika usukani tu, kazi yote ni ya trekta.” Kamba ilikuwa fupi, hata mita 3 hazikufika, na nyuma ya tela la trekta ameketi kijana mmoja miguu ikining'inia. Injini ya pikapu ilikuwa imezimwa. Trekta lilipopunguza mwendo nikakanyaga breki, ikashika. Mara ya pili ikashika. Mara ya tatu pedali ikawa ngumu kama jiwe. Nilikanyaga kwa miguu miwili, na pikapu ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye tela. Kijana yule alivunjika mguu mmoja juu kidogo ya kifundo.

Siku nyingi nilidhani nilikuwa mwoga na sikukanyaga vizuri. Baadaye ndipo nilipofahamu. Mguu wa mtu peke yake hauna nguvu ya kutosha. Katika magari mengi nyuma ya pedali kuna chombo cha mviringo kinachousaidia, na nguvu zake hutoka kwenye mvuto wa hewa unaofanywa na injini. Injini ikizimwa hubaki akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu. Akiba ikiisha, breki bado ipo lakini yataka nguvu nyingi sana. Usukani nao huwa mzito kwa sababu kama hiyo. Ndiyo maana nilisema kuzima injini mteremkoni ni ghali.

Basi gari bovu likivutwa, ikiwa injini yake yaweza kuunguruma, iachwe iungurume. Ikiwa haiwezi, anayeshika usukani awe dereva mzoefu, si mtoto wa shule, na ajue kabla ya kuondoka kwamba pedali itakuwa ngumu. Ufunguo uwe umefunguliwa, la sivyo usukani utajifunga kwenye kona ya kwanza. Kamba iwe ya mita 4 au 5, ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia au kwenye chesisi, si kwenye bampa, na katikati yake pafungwe kitambaa chekundu ili mtu wa baiskeli asijaribu kupita kati ya magari mawili. Anayevuta aondoke polepole sana mpaka kamba ikaze. Mshtuko ndio unaokata kamba, na kamba ikikatika hurudi kama mjeledi, kwa hiyo watu wote wakae mbali nayo. Wa nyuma ndiye mwenye kazi ya kuiweka kamba imekazwa, kwa kugusa breki mapema kila wa mbele anapopunguza mwendo. Pasiwe na mtu juu ya tela. Magari yenye gia za kujiendesha yasivutwe magurudumu yanayosukumwa na injini yakiwa chini, maana gia zitaungua.

Na gari lisilo na breki kabisa halivutwi kwa kamba. Livutwe kwa chuma kigumu kisichokunjika, au lipakiwe juu ya gari jingine. Nalisema hili hasa kwa ajili ya malori ya breki za upepo. Lori likiishiwa upepo, springi kali hushika magurudumu ya nyuma nalo halisogei. Ni wazo lile lile la Westinghouse. Utingo huingia chini na spana, akazifungua springi hizo ili lori livutike. Sasa linavutika, lakini hakuna cho chote cha kulisimamisha, na wenyewe hulifunga kwa cheni nyuma ya lori jingine na kwenda.

Mkifika, msifungue kamba kwanza. Weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu la gari bovu, ingiza gia, vuta handibreki, ndipo wa mbele arudi nyuma kidogo kuilegeza kamba, na mtu aingie kati ya magari kuifungua injini zote mbili zikiwa zimezimwa.